Mama Mbeleko Hakumtoroka Mtu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliowahi kusinzia kwenye mapaja yake hata kama hamkumbuki, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mbeleko, nami nitasoma polepole kwa sababu yeye hakupenda watu wanaoondoka haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, ambako treni ikipita vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, akafaulu, akapata nafasi katika sekondari ya bweni, sanduku likapakwa rangi na jina lake likaandikwa kwenye kifuniko, lakini mwezi uleule mama yetu alijifungua mtoto wa mwisho na kubaki kitandani hawezi hata kukaa, basi kichanga akafungwa mgongoni kwa marehemu, kwa muda tu, na sote tunaijua hiyo "kwa muda tu" jinsi inavyoota mizizi. Mama alipopata nguvu, mtoto alikuwa na meno, nafasi ya shule ilikuwa imepewa mwingine, na lile sanduku lilikuwa limejaa nepi.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa katika kituo cha kulelea watoto cha kiwanda cha nguo, akapangiwa chumba cha wachanga, chumba chenye vitanda kumi na viwili, madirisha ya juu yasiyoonyesha kitu ila anga, na mlango mmoja ambao ufunguo wake ulining'inia kiunoni kwa msimamizi, aliyeitwa Bi Funguo kwa sababu hiyo. Siku zile kazi ya kulea iligawanywa kama kazi ya kushona, mmoja analisha, mmoja anaogesha, mmoja anabembeleza, na mtoto anapita mkono hadi mkono kama shati linalosubiri vifungo. Humo alimkuta mtoto wa miezi saba ambaye walezi walimpa jina la Kimya, maana hakuwahi kulia, na kila mgeni aliyeingia alimsifu kwa utulivu wake. Marehemu peke yake ndiye aliyesema kwamba mtoto yule hajatulia, amekata tamaa, kwa kuwa ameita na kuita na kila siku akaitikiwa na uso mgeni.

Akaanza kumlisha yeye, kumwogesha yeye, kumlaza yeye, akimwambia kila kitu kabla ya kukifanya, sasa nakuinua, sasa maji yanakuja, na baada ya wiki chache, siku moja alipotoka kufuata chupa, Kimya aliangua kilio kilichosikika hadi getini. Bi Funguo akaja juu, akasema haya sasa, umemzoesha mikono, utambeba mpaka lini, naye marehemu, badala ya kuomba radhi, alisimama mlangoni akicheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu mtoto alikuwa amepata mtu wa kumlilia.

Bi Funguo alipoona Kimya ameanza kula na kucheka alikubali, na tangu hapo kila mlezi alipewa watoto wake watatu, akakaa nao tangu uchanga hadi watimize miaka mitatu, na marehemu akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba hakuna kumtoroka mtoto. Akina mama walizoea kunyata mtoto anapogeuza kichwa, wakidhani wanamwepushia machozi, naye aliwafuata hadi korido na kuwarudisha, "Njoo umuage, mwambie unaenda na utarudi, akilia nitakuwa naye, mchelea mwana kulia hulia yeye." Wale wasiojua kusema aliwafundisha kuaga kwa mkono, vidole kufumba na kufumbua, na ndiyo maana watoto wa mtaa ule walijua kuaga kabla ya kujua kutembea.

Tarehe 17 Disemba 1983 alifunga ndoa na seremala, mtu wa utani na mikono mizito, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume tarehe 9 Agosti 1985. Mwaka 1990 shemeji yetu alipata karakana katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili kwa treni, akajenga nyumba, akachonga kitanda cha watu wawili, akaandika kwamba mke wake aje. Marehemu alijibu kwamba watoto wake watatu wakimaliza anakuja, naye alimaanisha, lakini Bi Funguo hakuwa mjinga, aligundua kwamba kabla mtoto wa mwisho hajaondoka, dawa ni kumpakatisha mwingine wa miezi mitatu, kwa muda tu, Jumatatu, kwani ikifika Ijumaa kichanga atakuwa amekwisha kuijua harufu yake, na maji ameshayavulia nguo hana budi kuyaoga.

Hivyo ndivyo alivyofungwa bila pingu, miaka kumi na tisa. Aliandika barua ya kuacha kazi zaidi ya mara moja, na kila mara alikwama palepale, kwamba ili aondoke lazima aage, na hakuweza kumtazama usoni mtoto na kumwambia naenda na sitarudi. Mtoto wao alipofika sekondari alimfuata baba yake, marehemu akabaki na chumba kimoja, na shemeji alipokuja likizo aliwaambia watu kwamba ameporwa mke na vibogoyo. Watu walicheka, naye marehemu alicheka, lakini tukiwa wawili aliniambia wazi kwamba chumba kile cha wachanga kinambana pumzi.

Tarehe 22 Julai 2009 shemeji alianguka karakanani na kufariki palepale. Marehemu alifika kuzika, akaingia nyumba aliyojengewa, akakuta kitanda upande mmoja umebonyea na upande wa pili haujawahi kulaliwa, akakaa upande ule na kusema kwamba amewaaga watoto wa watu wote, ila mume wake hakuwahi kumuaga.

Alistaafu mwaka 2017, na tarehe 3 Februari 2023 alipigwa na kiharusi kilichochukua upande wa kulia na maneno yote. Sisi ndugu tulipanga zamu, kila siku mtu wake, na tulijiona tumefanya la maana, na wageni walimsifu mgonjwa kwa utulivu, halalamiki, halii, anakula kidogo anageukia ukutani. Zamu ilipomfikia mdogo wetu wa mwisho, yule aliyebebwa mgongoni, ambaye alifunga saluni yake kwa wiki mbili ili aje, alimtazama siku moja tu akatuambia kwamba dada hajatulia, dada ni Kimya.

Wiki mbili zikaisha, naye, akiogopa machozi, alisubiri mgonjwa asinzie mchana akabeba begi na kunyata. Alikuwa ameshafika kituo cha basi tulipompigia simu kwamba dada amefunga mdomo, hataki hata maji. Alirudi amekasirika, akamwambia yote, kwamba ana wateja, ana kodi, ana maisha yake, na marehemu akapiga godoro kwa mkono wa kushoto na kulia kwa sauti kubwa, kilio cha kwanza tangu augue, na mdogo wetu akajikuta anacheka na kulia pamoja. Hakuondoka tena. Saluni ilichukuliwa na mwingine, na sitawapamba, alimpenda na alichoka, aliutazama mlango ule kila siku, lakini hata akienda sokoni aliaga, naye mgonjwa alinung'unika, akangoja, akala.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024 mdogo wetu aliaga kwamba anakwenda duka la dawa. Marehemu hakunung'unika, alimtazama, akainua mkono wa kushoto, akafumba vidole na kufumbua, polepole, mara kadhaa. Mdogo wetu akaweka mkoba chini na kumuuliza, "Dada, mbona unaniaga wewe, kwani unaenda wapi?" Akakaa, akamshika, na kabla ya adhuhuri dada yetu aliondoka, akiwa ameaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani waliotuletea maji na viti, wafanyakazi wenzake wa chumba cha wachanga, na Bi Funguo, ambaye leo kwa mara ya kwanza amekuja mikono mitupu, bila kichanga cha kumpakatisha. Marehemu ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili na wadogo wanne, na yule baba mzima aliyeketi safu ya nyuma, anayelia tangu asubuhi, ndiye Kimya, tunaomba mtu yeyote asimnyamazishe. Tukimaliza kaburini tusinyate, kila mtu amuage kwa sauti.

Dada, sisi tunakwenda, uliyembeba mgongoni anakwenda pia, umemfungulia mbeleko mwenyewe. Pumzika kwa amani.