Amina ya Mama Njoki

Krrr! Kwanza nilisikia mlango wa chuma ukivutwa juu. Sikuona kitu, maana nilikuwa nimefumba macho, nikiomba kwenye baraza ya duka la sare za shule hapa Eldoret mjini, na baridi ya asubuhi ikiniuma masikio.

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Naanza na kelele hiyo kwa sababu nikianzia mahali pengine nitapotea. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe na bado silielewi.

Mnanijua. Mimi ni Mercy, yule anayekaa kiti cha nyuma hapa kanisani. Tangu shuleni, mtu akikaa nyuma ya meza na kuniuliza swali, ulimi wangu unakuwa kipande cha mbao. Kuna mahali nilikwenda kutafuta kazi ya kuuza viatu, nikaulizwa jina langu tu, nikabaki nikitazama kalenda ukutani mpaka wakaniambia niende. Ndugu zangu, nililia!

Shangazi yangu, ninayekaa naye mtaa wa Kapsoya, alichoka. Akaniambia, "Mwezi huu ukiisha bila kazi, rudi Timboroa kwa mama yako. Hata ng'ombe wa maziwa hulia akiona njaa. Wewe unanyamaza tu!"

Basi mlango ule ulipoinuliwa, nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho ya kupata kazi. Mwenye duka, Mama Njoki, alituingiza wawili kwa pamoja kabla ya saa ya wateja, mimi na msichana anayeitwa Chebet. Chebet alikuwa akicheka tangu nje. "Usiogope, dada," aliniambia, "huyu mama haumi."

Mama Njoki akasema, "Hapa hatuanzi jambo bila maombi. Shikaneni mikono. Mercy, tuombee."

Sasa ninyi mnajua tunavyoomba hapa kwetu. Ukimshika jirani mkono, unabeba haja yake kana kwamba ni yako. Ya kwako unaiacha, wa upande wa pili ataibeba. Nilishika mkono wa Chebet. Ndugu zangu, yule mcheshi alining'ang'ania kama mtu anayezama! Na hapo, sijui vipi, kinywa changu kikafunguka. Nikapaza sauti: "Baba, mpe Chebet kazi hii! Asirudi nyumbani akiinamisha kichwa! Mpe kibali mbele ya mama huyu! Wateja wampende!"

"Amina!" Mama Njoki akanguruma. Hata sare zilizotundikwa nadhani zilitikisika.

Nikafungua macho. Ndipo nikasikia nilichokuwa nimesema.

"Wewe mtoto," Mama Njoki akaniuliza, "unajua nafasi ni moja?"

"Najua, Mama."

"Na umemwombea mwenzako?"

"Ndivyo tunavyoomba kanisani kwetu."

Chebet akacheka, kisha akaanza kufuta machozi. "Aki Mercy, umenimaliza!"

Mama Njoki akachukua sweta ya shule, akatuambia tumwuzie kana kwamba yeye ni mzazi, mmoja baada ya mwingine. Nami nikasema! Nikamwambia mzazi anunue kubwa kidogo, mtoto anakua. Nikamwambia avute mshono wa kwapa, aone kama ni imara, kabla ya kulipa. Nikaeleza baridi ya Timboroa inavyoingia kwenye mikono ya sweta. Maneno yalimiminika, nami nikayasikiliza kama ya mtu mwingine.

Mama Njoki aliikunja ile sweta, akitutazama kwa zamu. Mwisho akasema, "Mercy, umeuza vizuri. Nyote mmeuza vizuri. Lakini mimi nimeshasema Amina. Siwezi kumwambia Mungu nilikuwa natania."

Kazi akapewa Chebet.

Ndugu zangu, mnaona ninavyochanganyikiwa? Nilifunguliwa, na kilichonifungua ndicho kilichoninyima! Nimeuliza katika maombi, sijajibiwa. Shangazi naye ananiuliza, "Maombi gani hayo ya kumgawia jirani ugali wako?" Tafadhali msiniambie kwamba mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguliwa. Labda ni kweli. Mimi sijauona. Jumamosi narudi Timboroa.

Lakini niambieni, wapendwa, ni lini mlinisikia nikisema hapa mbele? Leo nimesimama, mnanitazama nyote, na ulimi wangu haujawa mbao! Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa mengine namshukuru nikiwa gizani. Nawe uliyefungwa, usingoje kuelewa. Mtumaini. Mshike aliye karibu nawe, ubebe ya kwake. Usiniulize itakuwaje baadaye, mimi mwenyewe nangoja kuona.

Siku ile, kabla sijatoka, Chebet alinikumbatia, tayari amevaa aproni ya duka. Mguu wangu mmoja ulikuwa nje nilipogeuka nikasema, "Kwaherini! Mungu awabariki!" kwa sauti kubwa hata wapita njia wakanitazama. Mama Njoki akaitikia, "Amina!" Kisha mlango ukafungwa nyuma yangu.