Mlinzi wa Dada Jecinta

JECINTA: Haloo! Haloo! Hapo ni ofisini?

LUSENO: Ofisi ya kutetea watoto, ndiyo. Mkurugenzi Luseno. Nani mwenzangu?

JECINTA: Ni Jecinta, Mkurugenzi. Nipo kwa kibanda cha simu, hapa Komarock, karibu na nyumbani.

LUSENO: Dada Jecinta! Kichwa kinaendeleaje?

JECINTA: Nyuzi hazijatolewa. Na jicho hili la kushoto —

LUSENO: Tumekuombea sana. Ofisi nzima tulifunga, mpaka saa ya chai.

JECINTA: Asanteni. Na yule aliyenipiga, mlimpeleka polisi ama —

LUSENO: Kupigwa ni neno zito, dada. Sisi tunasema mlikosa kuelewana.

JECINTA: Na ile stuli iliyonipasua kichwa, nayo ilikosa kunielewa?

LUSENO: Lakini ulimwambia nini? Ulitabasamu?

JECINTA: Nilimuuliza kwa nini binti yake ana alama za moto mgongoni. Ningetabasamu vipi?

LUSENO: Unaona? Ndiyo maana Ijumaa tuna semina ya kuongea kwa upole. Wewe utakuwa mfano.

JECINTA: [Simu inakwaruza.] Mkurugenzi, sarafu zinaisha. Mtaani Mukuru nitarudi, kwa sababu ya Sally, yule mtoto aliyechomwa. Lakini siingii tena kwa nyumba ya watu peke yangu. Nipeni mtu wa kunisindikiza, ama nawaachia kazi yenu.

LUSENO: Umeshapata!

JECINTA: Eti?

LUSENO: Mlinzi! Tumemwajiri asubuhi hii. Mtu wa huko huko Mukuru, kifua kama kabati. Ukiwa naye hakuna atakayekugusa. Wote wanamwogopa.

JECINTA: Kweli? Ee Mungu wangu, asante! Yaani jana tu nimepiga magoti nikalia —

LUSENO: Tena anakujua. Kazi ameiomba mwenyewe.

JECINTA: Ananijua? Anaitwa nani?

LUSENO: [Anakohoa.] Githinji.

JECINTA: Githinji gani?

LUSENO: Dada, sisi ni watu wa kusamehe —

JECINTA: Githinji baba Sally? Yule wa stuli?

LUSENO: Ametubu hapa mbele yetu, nusu ya ofisi ikatoa machozi. Sare imemkaa vizuri ajabu. Haloo? Unakatika —

JECINTA: Sijakatika! Yuko wapi saa hii?

LUSENO: Anakuja kukuchukua. Nimemwelekeza mpaka kwako, nyuma ya kanisa, geti la kijani. Nimemwambia abishe kwa adabu, aseme "Bwana asifiwe".

JECINTA: Mama yangu yuko peke yake! Akisikia hivyo humfungulia yeyote —

LUSENO: Sasa si ndio vizuri? Atamkaribisha chai. Haloo? [Kishindo. Magari yanasikika.] Dada Jecinta? Haloo?... Ameacha simu ikining'inia. [Anamwita mwenzake wa ofisini.] Syombua, hebu njoo usikie! Dada wa watu amekimbia kumpokea mlinzi wake. Haki, Mungu hujibu.

[Simu inakatika.]