Komeo la Mlango wa Bi Asila

Akina mama na dada zangu mliojaa nyumbani humu kwa hitma ya siku ya tatu, mimi ni Ruqaya, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia nikusomeeni maisha yake.

Dada yetu, Bi Asila Badar Saud, alizaliwa hapa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 14 Machi 1971, akasoma skuli za mjini hadi kidato cha nne mwaka 1989, akajifunza ualimu, na Januari 1992 akaanza kufundisha michezo skuli moja ya Amani, kazi aliyoifanya miaka thelathini kwa sauti mnayoijua. Tarehe 9 Agosti 1996 aliolewa na Bwana Haroub Abdulla, wakajaaliwa watoto wawili, Yusra na Hamid.

Tarehe 2 Mei 2017 nilimkimbilia kutoka Paje, mkono umevunjwa na mume wangu, na kwa miezi mitatu mlango ukigongwa nilijificha chini ya kitanda, mtu mzima mimi. Dada hakunilazimisha niseme, alinitoa nje uani, akanifundisha kuvuta pumzi hadi tumboni, halafu akafunga mpira wa soksi tukacheza rede kama utotoni, yeye na Yusra wakirusha, mimi katikati nikikwepa, mpaka siku moja nikacheka, na usiku ule nikalala.

Wakaja wengine waliopigwa kama mimi, tukawa kumi na tisa kila Jumamosi. Hapo dada alikosea, maana kwa kutaka tusitirike tucheze vichwa wazi, aliufunga mlango wa ua kwa komeo, na Bashira, aliyeniruhusu nimtaje, aliposikia tu komeo akazimia, kwa kuwa mumewe alikuwa akianza hivyo hivyo, kwa kufunga. Dada alilia, akaling'oa komeo, akatundika kanga mbili mlangoni, na tangu hapo ikawa sharti kila mwanamke aone pa kutokea.

Novemba 2024 aligundulika ana saratani ya ini, akatibiwa Unguja na Dar es Salaam, akafariki Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka 54. Wiki moja kabla alinishika mkono akasema, Ruqaya, Jumamosi nshakuachia wewe, usije ukaufunga ule mlango. Nikaitikia, naam dada. Lakini aliyekuwa mume wangu, aliyefungwa kwa kunivunja mkono, ametoka jela mwezi uliopita, na juzi ameonekana Darajani akiuliza kama bado nnakaa hapa. Wallahi naogopa, na jana, nyinyi mkisoma Kurani, mimi nilitoka nikanunua komeo jipya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, walimu wenzake, na sheha wetu, Bwana Muhiddin, aliyeahidi kukaa barazani kila Jumamosi tukicheza.

Keshokutwa ni Jumamosi, saa kumi tutakutana uani, na komeo limo mkobani mwangu, Bashira, njoo ulichukue sasa hivi kabla sijabadili nia.

Pumzika kwa amani, dada yangu, hofu niachie mimi.