Mapigo Ambayo Beatrisi Hakuyasema

Baba Paroko, masheikh wetu mliofika, viongozi wa kijiji, wauguzi na wakunga, majirani na ndugu mliotoka Nachingwea, Ruangwa na hata Kilimarondo, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Silvanus Linus, mdogo wake marehemu tulioachiana ziwa, na familia imenipa kazi ya kuisoma historia hii, ambayo sehemu kubwa marehemu aliitunga mwenyewe akiwa kitandani na kuniagiza nisipunguze neno, nami nawaomba mnivumilie nitakapokwama, kwa sababu jana nilijaribu kuisoma mara tatu na mara zote nilikwama.

Marehemu Beatrisi Linus alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Nandagala, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Linus na mama Eva, Wamakua waliohamia hapo kutoka upande wa Masasi wakitafuta ardhi ya mikorosho. Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akamaliza mwaka 1967, akakaa nyumbani mwaka mmoja akimsaidia mama, kisha mwaka 1969 akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, ambako alihitimu Novemba 1972 akiwa wa tatu katika darasa lake, jambo alilopenda kulitaja hasa mbele yangu mimi niliyefeli.

Januari 1973 alipangiwa kazi Kilimarondo, wakati ambapo wanawake wengi walikuwa wakijifungulia shambani, kwenye vibanda vya kulindia mahindi yasiliwe na tembo, naye akawafuata hukohuko kwa miguu. Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu Bonifasi, wakajaliwa watoto watatu, Andrea aliyezaliwa mwaka 1977, Magreti mwaka 1980 na Eusebio mwaka 1984, na shemeji yetu Bonifasi alitangulia mbele ya haki mwezi Mei 1996. Mwaka 1986 marehemu alihamishiwa kituo cha afya kimoja upande wa Ruangwa, ambacho familia imeona tusikitaje, kwa kuwa jengo halina kosa.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo wazee wetu wawili walipotaka niruke, wakisema mambo ya aibu hayasomwi mbele ya jeneza, na kikao kikavutana hadi chakula kikapoa, lakini wosia ni wosia, kwa hiyo naendelea.

Katika kituo hicho kulikuwa na mazoea, na marehemu anakiri kwamba naye aliyakuta, akayapenda na akayafundisha kwa wengine. Mkunga akishaweka tumboni kwa mama kile kifaa chenye mdomo kama wa tarumbeta na kusikiliza moyo wa mtoto, alitakiwa kuhesabu mapigo kwa dakika na kuandika namba, lakini wao waliandika mapigo mazuri, au mapigo si mabaya, au mapigo yanayumba kidogo, kila mmoja kwa neno lililomjia, na kwa kuwa watoto wengi walizaliwa wakilia, hakuna aliyeuliza kuyumba kidogo ni kuyumba kiasi gani.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Agosti 1998, saa mbili asubuhi, aliletwa kwa baiskeli Fatu Halfani wa Likunja, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, mimba yake ya kwanza. Ilipokaribia saa tano marehemu alisikia mapigo ya moyo wa mtoto yakipungua kila uchungu ulipokaza na kuachia, akasikiliza tena na tena, na aliyoyasikia aliyaelewa, maana alikuwa amefundishwa. Lakini mwezi uliotangulia alikuwa ameomba gari kwa mama mwingine, mtoto akazaliwa mzima kabla gari halijafika, na dereva Mbaruku akamtania mbele ya watu kwamba dada Beatrisi anaogopa mimba kuliko wenye mimba, watu wakacheka, naye hakutaka kuchekwa mara ya pili. Mwenzake Mwanabibi alipomuuliza apeleke ujumbe gani kwa redio ya upepo kwenye hospitali yenye gari, marehemu alimwambia aseme mapigo yanayumba kidogo, mama anaendelea vizuri.

Gari lilikuwa moja, na siku hiyo kulikuwa na mama mwingine anayetokwa damu katika kijiji kingine, daktari akapima maneno aliyoletewa, akalipeleka gari kule, na marehemu hakumlaumu hata siku moja, kwa sababu maneno yale yasingemwinua mtu yeyote kitini. Mtoto wa Fatu, wa kiume, alizaliwa saa kumi na dakika ishirini jioni, hakulia.

Sasa lililo zito zaidi. Mama mkwe wa Fatu alitoka nje na kumuuliza marehemu kama si kweli kwamba huyu binti alikunywa dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu, na marehemu, aliyekuwa na Fatu tangu asubuhi na kujua kwamba hakunywa chochote ila uji, akajibu, huenda. Neno hilo moja lilifika Likunja kabla ya Fatu mwenyewe, likaitwa ushahidi wa nesi, na mwaka uliofuata mumewe Abdalah akampa talaka na kumrudisha kwa mama yake, Bi Amna, na tangu hapo wanawake walipokwenda kumpokea mzazi hawakumwita, wakasema mkono wake umemwua mwanawe.

Mwezi Julai 2001 marehemu aliitwa kwenye semina ya wakunga hapo Nachingwea mjini, ambapo mwalimu aliwasimulia kisa kimoja cha moyo wa mtoto na kuwataka waandike watakavyotoa taarifa, na wakunga kumi na mmoja wakaandika maneno kumi na moja tofauti, yanasuasua, dhaifu kidogo, si mazuri sana, ya mashaka, na mwalimu alipouliza ni mtoto yupi kati ya hao apelekewe gari, marehemu alitoka nje, akakaa nyuma ya bomba la maji akilia mpaka Mwanabibi alipomfuata. Walifundishwa upya maneno ambayo kila mkunga na kila daktari huyaelewa vilevile: sema namba kwa dakika, sema mdundo ni sawa au si sawa, sema yanapanda au yanashuka, sema ni wakati gani wa uchungu, sema yamechukua muda gani kurudi.

Aliporudi kituoni aliyaandika kwenye karatasi ya boksi akayabandika juu ya meza, na asiyeyafuata alimkoma, mpaka vijana wakambatiza jina la Mama Kwa Dakika, na hata hapa nyumbani ukimwambia ugali umechelewa kidogo alikuuliza ni dakika ngapi. Mlimsifu sana, nami nilimsifu, hatukujua kwamba sifa zile zilikuwa zikimchoma.

Kwa maana mwaka 2002 alikwenda Likunja kumwambia Fatu ukweli, akamkosa, Fatu alikuwa kwenye shamba la ufuta, na Bi Amna akamkaribisha kwa heshima zote, akampa ugali na kisamvu, naye akala, akashukuru, akarudi. Mwaka 2004 alikwenda tena, akamkuta, wakazungumza habari za mvua. Ameagiza niseme wazi kwamba aliona aibu, na kwamba aibu hiyo ilikuwa ni kujipenda.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2003, kikashambulia figo, akalazwa mara nne, na Jumamosi tarehe 23 Juni 2007, saa tatu asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka hamsini na sita. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Mwanabibi aliyemwogesha kila siku, wafanyakazi wenzake waliotoa sanda na jeneza, na majirani ambao tangu juzi hawajazima moto.

Kwa amri ya marehemu, jana Andrea alikwenda Likunja, na Fatu Halfani amekuja, amekaa kule na akina mama pamoja na Bi Amna. Dada Fatu, nasoma kama nilivyopewa. Siku ile hukunywa dawa yoyote. Kuanzia saa tano kasoro robo moyo wa mwanao ulikuwa ukipiga mia moja na arobaini kwa dakika, mdundo sawa, ukishuka hadi themanini na nane kila uchungu ulipoachia, ukichukua zaidi ya dakika moja kurudi. Aliyeusikia ni Beatrisi Linus, na hakusema. Anakuomba radhi, na hakuombi umjibu leo.

Nanyi mliosema mkono wa Fatu umemwua mwanawe, mmesikia. Mkitoka hapa kapelekeni na hili.

Dada, nimesoma yote. Mungu akupe pumziko la amani.