Bayush Si Jina la Pepo

Sikilizeni wanangu, na wewe Getahun acha kuitazama saa, kifo hakina ratiba kama basi la Bahir Dar. Kaa hapa. Bayush, niinulie mto kidogo, hivyo, nataka kuziona nyuso zenu zote mbili, maana pumzi zimebaki chache na maswali ni mengi, na mimi tangu utoto wangu sipendi kuondoka mahali kabla sijajibiwa.

Ya mali tuyamalize upesi. Shamba la nafaka ya teff la Azezo ni lako Getahun, pamoja na ng'ombe, pamoja na bunduki ya marehemu baba yako ambayo tangu nimjue haijapata kulia. Nyumba hii na ua wake ni ya Bayush, na hilo nimekwisha kulisema mbele ya padre na wazee wa mtaa, kwa hiyo usikunje uso, mwanangu, umri wako na mikunjo hiyo vinakuzeesha. Najua ulilopanga. Umepanga nikishazikwa umrudishe dada yako kwa mumewe kule Debre Tabor, na akigoma umpeleke tena kwenye maji ya baraka wakamfunge kamba. Hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Mimi nilizaliwa Wubalem. Siku ya harusi yangu mama mkwe alinishika kidevu, akanitazama meno kama mtu anayenunua nyumbu, akasema, "Huyu tutamwita Yeshimebet." Bibi wa watu elfu. Hao watu elfu sikuwaona hata siku moja, nilichoona ni masufuria. Lakini ndivyo bibi harusi anavyopokelewa kwetu, jina la kwao huliacha mlangoni, na mimi niliitika, mwanzo kwa kusitasita, kisha kwa mazoea. Silalamiki. Nashangaa tu. Yule Wubalem alikwenda wapi? Hakuaga mtu. Nimezeeka nikimtafuta kwa udadisi, kama unavyojiuliza habari za jirani aliyehama.

Wewe Bayush nilikupa jina hilo kwa kuringa, kwa kuwa walisema sitapata binti, nami nikataka waliosema wakuone, ndiyo maana ya jina lenyewe. Mama mkwe wako akakuita Enatnesh, yaani wewe ni mama. Hakukusudia ubaya, alikuwa anaomba mjukuu. Kisha mtoto akafia tumboni, na wa pili akamfuata, na bado kila asubuhi, "Enatnesh, lete maji. Enatnesh, mchuzi wa shiro umezidi chumvi." Nani angeendelea kuitika? Ukaacha kuitika, ukaacha kula, ukawa unakaa nyuma ya ghala unazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Wakasema una pepo. Sibishi, pepo wapo, nimewaona wakiwapanda watu wazima wakadai kahawa na mavazi mapya. Ila nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Getahun, wewe hukuwepo kwa mganga. Mimi nilikuwepo, nimejifunika shuka langu karibu na mlango. Ubani umejaa hata macho yanatoka maji, ngoma inapigwa, mganga amemwinamia dada yako anamwuliza, "Wewe uliyempanda Enatnesh, ni nani? Taja jina lako tukupe haki yako." Akauliza tena kwa upole, maana pepo asipojitaja kazi haiendi. Na mwanangu, aliyekuwa hajasema neno nasi tangu Pasaka, akainua kichwa akasema, "Bayush."

Mganga akawageukia watu. "Mmesikia? Anaitwa Bayush. Ni jike, na ni mkaidi." Wakwe wakapiga makofi, kwa kuwa jina hilo hawakuwahi kumwita, walilisikia kwa ugeni. Mimi nikasimama, nikasema, "Jamani, hilo ni jina lake, nililompa mimi mwenyewe." Mama mkwe wake akanivuta shuka. "Kaa chini, mama Getahun. Pepo ni mwongo, huiba jina la mtu." Nikapiga kelele, wakanitoa nje, wakasema uchungu wa mwana umenipanda na mimi.

Basi wakampeleka kwenye maji, na padre, maskini, naye alitumia jina alilopewa. Kila alfajiri maji ya baridi kichwani, na sauti, "Bayush, toka! Mwache Enatnesh!" Fikiri, mwanangu. Mtu yumo ndani ya mwili wake mwenyewe anaamriwa ahame. Mpaka siku moja dada yako akawaambia, "Ametoka." Wakashangilia, wakachinja. Sikukuu ya Meskel, ile ya Msalaba, akaja kunisalimu, nikamwita mlangoni, "Bayush, roho yangu." Akanijibu hata hanitazami, "Bayush hayupo, mama. Mlimfukuza." Tangu siku hiyo sikumrudisha, na mumewe alipokuja kumdai nilimpa kahawa, nikamwonyesha njia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo maana nilimpeleka kwa daktari. Getahun, maji ya baraka sikatai, akitaka kwenda kwa miguu yake aende, lakini vidonge asivikose, na wewe ndiye utakayevileta. Sasa analala. Juzi alicheka jogoo alipoteleza kwenye tope, nami nikajifanya sikusikia nisije nikakitisha kicheko chenyewe.

Na anaandika. Ulisema, "Mwenye kichwa kibovu akiandika, watu watatucheka." Wacheke. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Miaka yote ile majirani walipokuja kunywa kahawa nami nikiwasomea riwaya, niligundua jambo: mwanamke akikataa jambo katikati ya kitabu, mwisho wa kitabu lazima arukwe na akili, na akisharukwa na akili lazima afe. Mtoni, kambani, porini. Wenzangu wakilia, ila Debritu, yule mpika pombe wa jirani, alikuwa akisonya. "Huyu mwandishi wino ulimwishia? Kwa nini asilale tu, kesho aamke, apike kitu?" Tulimcheka. Nimelala kitandani hapa tangu mvua zianze namfikiria Debritu. Hebu mniambie, ni kweli waandishi hao hawakujua kinachotokea kesho yake? Au walijua, wakaona hakimpendezi mtu?

Bayush, kila asubuhi umenisomea hadithi yako, na wallahi... astaghfiru, nimeiga kiapo cha Waislamu wa sokoni, padre asisikie. Kila asubuhi umenisomea, nami nimepitisha siku kwa kungoja asubuhi nyingine. Huyo mwanamke wako asiye na jina nimemzoea. Lakini umemfikisha kisimani, ukafunga karatasi, na sasa ni Jumapili ya pili unaniambia, "Mwisho wake unajulikana, mama." Unajulikana na nani? Mimi siujui. Nakutazama unavyosema hivyo, na moyo wangu unaogopa, nalisema wazi mbele ya kaka yako, naogopa kwa ajili yako kuliko ninavyoogopa kaburi.

Getahun, maji. Kidogo. Inatosha.

Nisikilizeni, sauti inaniacha. Getahun, mwite dada yako jina lake. Hata ukimkasirikia, hasa ukimkasirikia, mwite jina lake. Mnizike kwa jina la Wubalem, padre akiuliza ni nani huyo, mwambieni mama yenu alirudi. Mungu awape mkate usiosimangwa... awape usingizi... anayewatafuta akute mlango wenu... awe mwema. Amina. Semeni amina.

Bayush. Sogea. Chukua karatasi zako. Usinifundishe kufa, hilo nitalijua sasa hivi mwenyewe. Hilo lingine ndilo silijui. Amesimama kisimani, sawa... jua limeshatoka? Nani anapita? Ana... ana njaa? Andika hapa hapa, nakungoja. Neno moja tu baada ya jingine. Niambie, mwanangu, kisha akafanya nini?