Lusajo Alisema Ndaga

Hapana, ndugu zangu, mimi sikufukuzwa Afrika Kusini. Niliokolewa! Bwana asifiwe! Juzi hapa mtaani Bondeni baba mdogo wangu alinisema mbele ya watu: "Ushuhuda gani wa mtu aliyerudishwa na polisi? Mwenzako Asukile anajenga, wewe umerudi na begi na mgonjwa." Sawa. Sikilizeni basi habari za huyo mgonjwa.

Ni Lusajo, rafiki yangu tangu tunachunga ng'ombe kule Njisi, hapa hapa Kyela. Tuliondoka watatu, mimi, yeye na Asukile. Tukavuka mto Songwe bila pasi, tukapita Malawi, tukapita Msumbiji, mengine siyasemi kanisani. Asukile akapata mwanamke wa kule, akapata makaratasi. Sisi wawili tukaangukia kwenye kazi ya kufyatua matofali ya saruji. Vumbi kutwa nzima, kulala kwenye kontena, tajiri anafunga kufuli kwa nje! Na vitambulisho tulivyotembea navyo vilikuwa vya watu wengine. Jina langu la kule hata kulitamka lilinishinda.

Lusajo akaanza kukohoa damu. Nikamkokota mpaka kwa Asukile. Akaongea na sisi dirishani: "Jamani nendeni, mtaniponza." Ndugu zangu, nilitaka kuung'oa ule mlango! Lusajo akanishika: "Acha, nkamu, ndugu yangu. Ana watoto."

Tukaenda kutafuta hospitali. Njiani polisi wanakagua. Mimi nikapita. Lusajo wakamwangalia, wakamrudishia kitambulisho chake. Imeisha! Lakini yule amelelewa na bibi, na kwa bibi ukipokea kitu kwa mkono mmoja unachapwa. Akakipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema: "Ndaga fijo, tata."

Asante sana, baba! Kwa Kinyakyusa! Kwa polisi!

Wakamkwida shati. "Lugha ya wapi hiyo?" Mmoja akanigeukia: "We, unamjua huyu?"

Nikatikisa kichwa. Mimi! Mimi ninayegombana na kila mtu kwa ajili ya rafiki! Na Lusajo akageuza uso pembeni, asije akaniponza kwa macho. Wakampandisha kwenye gari. Hapo ndipo Bwana aliponishika. Nikaona wazi: huyu akifia huku atazikwa kwa jina la mtu mwingine, na mama yake atasubiri mpaka azeeke. Nikalikimbilia lile gari, nikalipiga ngumi: "Ni wangu! Sisi wote ni wa Kyela!"

Nilipigwa, sifichi. Tukakaa mahabusu, dawa hakuna, ndipo wakaturudisha. Lusajo alikaa nyumbani wiki tatu, akafa. Hakupona, ndugu zangu! Asije mtu akasema nimewadanganya. Lakini alifia mikononi mwa mama yake, akiongea Kinyakyusa, akazikwa kwenye migomba ya kwao, na msalaba wake umeandikwa Lusajo.

Namshukuru Mungu hata kwa kile kipigo. Leo nabeba magunia ya kakao ya watu na baba mdogo ananicheka. Acha acheke! Mungu aliyemfungua mdomo mwoga kama mimi, kwako atashindwa nini? Mwamini. Ila kabla hujaniuliza nimerudi na nini, nijibu wewe: wa kwako, huko ugenini aliko, anaitwa kwa jina la nani?