Wakili wa Majina: Maisha ya Absalom Odhiambo, 1917–1959

Yamesomwa na dada yake, Mwalimu Aketch, kwenye mazishi, Ruiru, Jumamosi tarehe 15 Agosti 1959

Absalom alizoea kusema kwamba habari ya mtu yeyote ianze na jina lake kamili, jina la baba yake na mahali alipozaliwa, na yanayobaki yafuate. Alisumbua watu wengi kwa hilo, wakiwemo wengi mlioketi hapa. Basi leo tumtii, maana hawezi tena kutusahihisha.

Absalom Odhiambo, mwana wa Jared Odhiambo na Nekoye, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1917 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Ruiru. Baba alikuwa Mjaluo wa Gem aliyekuja kukata mkonge kwa miezi sita, akakaa miaka thelathini. Mama alikuwa Mbukusu. Kwa kuwa hakuna kati yao aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenziwe, nyumba hiyo ilikula, ikagombana na kusali kwa Kiswahili, na ndiyo sababu maneno haya yanasomwa kwa Kiswahili. Wazee wa pande zote mbili watuwie radhi. Absalom alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ndiye anayesoma.

Alianza masomo mwaka wa 1925 katika shule ya misheni mjini Thika, akitembea kwa miguu kwenda na kurudi mpaka nyayo zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Mwalimu mmoja alikuwa na mazoea ya kumwita "wewe wa mkonge" wakati wa kusoma majina asubuhi. Absalom alikuwa akisimama kimya, haitiki. Alichapwa viboko vinne kila siku kwa wiki mbili. Siku ya kumi na tano mwalimu alichoka, akasoma "Absalom Odhiambo," naye akaitika kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Mwaka wa 1931 alijiunga na shule ya Maseno, akamaliza mwaka wa 1936.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukalimani katika mahakama moja ya wilaya, kuanzia Februari 1937. Huko ndiko moyo wake ulikoungua. Mwaka wa 1939 aliona mzee akifungwa miezi sita kwa kosa la mtu mwingine, kwa sababu karani alikuwa ameandika "mwanamume mmoja, kibarua" mahali palipostahili jina. Absalom alisimama akasema mtu huyo siye. Aliambiwa akalimani, asifikiri. Siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba atakuwa wakili. Mama aliuliza kama mawakili wanakula, kisha akampa ugali.

Vita vilipokuja alichukuliwa jeshini kama karani, akakaa Burma mpaka 1945. Aliporudi alimkuta Idah, fundi wa kushona nguo aliyekuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja Thika. Alimwandikia barua za mapenzi zenye aya zilizopewa namba. Kwanza, kwamba anampenda. Pili, kwamba hana shamba. Tatu, kwamba jambo la pili lisichukuliwe kupunguza uzito wa jambo la kwanza. Idah alimjibu kwa mstari mmoja: "Mshtakiwa hakanushi." Walifunga ndoa kanisani Thika Jumamosi tarehe 7 Desemba 1946. Barua hizo zote Idah bado anazo, na ametukataza kusoma zaidi ya hapo.

Mwaka wa 1947 alipata msaada wa masomo, akapanda meli kwenda London, akimwacha Idah na mimba ya mwana wao wa kwanza, Jared. Aliapishwa kuwa wakili mwaka wa 1951. Huko alisoma hasa sheria za magazeti: mhariri anaweza kusema nini, na akishakamatwa, atetewe vipi. Alifanya urafiki na mawakili na waandishi wa nchi nyingi waliokuwa wakidai haki za watu walionyamazishwa, na baadaye aliwatetea wahariri Kampala na Dar es Salaam pia. Angeweza kubaki ng'ambo akaheshimiwa. Alirudi Agosti 1952, akafungua ofisi nyuma ya duka la vitambaa mjini Thika, chumba chenye meza moja, taipu moja na karani mmoja, Bwana Kilonzo. Miezi miwili baadaye hali ya hatari ilitangazwa.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Gerishon Gichuru wa Gitothua. Gerishon alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa ya kukanyaga kwa mguu, na gazeti la karatasi moja iliyokunjwa. Humo alikuwa akichapisha majina ya watu waliochukuliwa kwenye misako, pamoja na swali moja juu ya orodha: "Wako wapi?" Alishtakiwa uchochezi. Absalom alimtetea siku tatu mnamo Aprili 1953, akauliza mahakama ni sheria gani inayokataza mtu kutaja jina la jirani yake. Walishinda. Mkewe Gerishon, Magdalene, alipiga vigelegele. Mlangoni, kabla Gerishon hajashuka ngazi zote, alikamatwa upya kwa amri ya kuwekwa kizuizini, amri isiyohitaji kesi wala wakili. Absalom alibaki amesimama pale na joho lake mkononi.

Sasa tunafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Mnamo Septemba 1955 mwanamume aitwaye Mburu, aliyeachiliwa kutoka kambi alimokuwa Gerishon, alileta ofisini kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti kilichoshonwa ndani ya kofia yake. Gerishon alikuwa ameandika humo aliyoyaona: nani alipigwa, nani alikufa, na jinsi aliyekufa alivyoandikwa kuwa mgonjwa. Mwishoni hakuweka jina lake. Aliandika tu: "Mfungwa."

Absalom alikaa na karatasi hiyo siku mbili. Hakuwahi kupeleka ng'ambo ushahidi usio na mwenyewe. Alisema maneno yasiyo na jina serikali itayaita uvumi, na kwamba dunia ikishamjua mtu, hakuna askari atakayethubutu kumgusa. Alimwita Magdalene, akamsomea mara tatu, kama ilivyokuwa desturi yake kwa kila ushahidi. Magdalene alitia kidole gumba. Kisha Absalom, kwa mkono wake mwenyewe, akafuta neno "Mfungwa" na kuandika: Gerishon Gichuru, mwana wa Muigai, wa Gitothua.

Gazeti moja la London lilichapisha habari hiyo Novemba 1955, na jina lake likiwemo. Kabla mwezi haujaisha Gerishon alikuwa amehamishwa kutoka kambi ile. Alipelekwa wapi, hakuna aliyesema. Barua za Magdalene zilirudi bila kufunguliwa.

Magdalene alikuja ofisini Januari 1956, amembeba mgongoni bintiye Mumbi aliyekuwa na homa. Bwana Kilonzo alikuwepo, na maneno yao ameyahifadhi.

"Bwana wakili, ulisema jina ndilo litamlinda."

"Nilisema hivyo, Mama Mumbi."

"Yeye mwenyewe alikuwa amelificha."

"Najua. Alikuwa amelificha."

"Sasa limemlinda wapi?"

  Tangu siku hiyo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Absalom na Magdalene walikwenda pamoja kwa bwana D.O., afisa wa wilaya, kuuliza, wakakalia benchi lile lile, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Absalom aliandika kwa makamanda wa kambi, kwa wabunge wa ng'ambo, kwa maaskofu, kwa kila chombo cha kimataifa chenye anwani. Wahariri wengine aliowatetea walikuja kumshukuru, na baadhi yenu mko hapa. Alikuwa akiwapa chai, akiwasikiliza, kisha anawauliza kama wamesikia lolote kuhusu mtu wa Gitothua. Nyumbani alikuwa akiamka usiku akitaja lile jina, na Idah alijifunza kutomuuliza kitu.

Ugonjwa wa kifua ulianza katikati ya 1957. Alikohoa mwaka mzima akisema ni vumbi la mafaili. Mei mwaka huu alilazwa hospitalini, na madaktari walisema mapafu yote mawili yameliwa. Aliendelea kuamuru barua akiwa kitandani, Bwana Kilonzo akiandika juu ya goti.

Alhamisi tarehe 6 Agosti ilifika barua kutoka ng'ambo, kutoka kwa chombo alichokitegemea kuliko vyote. Hakuwa na nguvu ya kuishika, kwa hiyo dada yake aliisoma. Ilisema malalamiko yamepokelewa na kuwekwa kwenye faili, na kwamba chombo hicho hakina mamlaka ya kuchukua hatua yoyote. Absalom alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza swali moja.

"Jina wameliandika sawasawa?"

Barua ile haikuwa na jina. Ilikuwa na namba.

"Wameandika," dada yake alimwambia.

"Herufi zote?"

"Herufi zote, Absalom."

Dada yake anakiri uongo huo hapa mbele ya watu na mbele ya jeneza, kwa sababu marehemu asingependa ushahidi huu upelekwe popote bila mwenyewe. Ulikuwa uongo wa Aketch, binti Odhiambo, wa Ruiru. Absalom alifariki Jumapili tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Wengi mmeuliza kwa nini hakupelekwa Gem akalale kwa baba zake, kama inavyopasa. Wazee wetu walisafiri kuja kumchukua, na walikaa sebuleni siku mbili wakiwa wamekasirika, tena kwa haki. Lakini aliacha wosia, nao una aya zenye namba. Ya kwanza: azikwe Ruiru, karibu na stesheni. Ya pili: wanaoachiliwa kambini hushukia hapo. Ya tatu: Gerishon akirudi asihangaike kumtafuta, kwa kuwa kuna jambo anataka kumwomba msamaha. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Na kama huyo mtu harudi?" aliuliza.

Idah alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye nguo nyeusi aliyokuwa akishona. "Basi angalau mmoja wao atajulikana yuko wapi."

 Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyewaonyesha vijana mahali pa kuchimba.

Absalom ameacha mke wake, Idah. Watoto wake, Jared, wa miaka kumi na mmoja, na Nafuna, wa miaka sita. Dada yake, Aketch. Na Bwana Kilonzo, aliyekuwa karani wake na baadaye ndugu yake. Katika karatasi mlizoshika, jina linalofuata limeandikwa kwa kalamu. Mwenye mashine ya kuchapa aliisoma orodha yetu, akatuomba radhi, akasema na yeye ana watoto, akaacha nafasi tupu. Hatumlaumu. Idah na Magdalene walikaa mezani jana kutwa wakaijaza, nakala moja baada ya nyingine. Askari aliyesimama pale langoni na daftari lake ametumwa kuandika tutakayosema. Aandike. Akitaka, tutamtajia herufi moja moja.

Ameacha pia mteja wake, Gerishon Gichuru, mwana wa Muigai, wa Gitothua, mchapishaji wa gazeti, mume wa Magdalene, baba ya Mumbi. Habari zake zilisikika mara ya mwisho Novemba 1955.

Mungu ampe Absalom usingizi alioukosa kwa miaka minne. Na yeyote kati yenu anayejua Gerishon aliko, hata kama ni kaburi tu, Magdalene ameketi hapa mbele, amefunga kitambaa cha buluu.